Kelele Mbele ya Mlango wa Tokie

Mtaa ulikuwa umeoshwa tangu mapaa hadi mitaro, na watu waliorejea baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia walikuwa wakiandaa sherehe yao ya kwanza. Vijana wangebeba mabegani hekalu dogo la mungu wa mji, na kulisimamisha mbele ya kila mlango ili nyumba ibarikiwe. Mlango mmoja tu ungerukwa, nao ni wa Bibi Tokie, muuza tofu, ile jibini laini ya soya; kwani hapo kipimo cha mionzi hakikukoma kulia.

"Mawe haya ya mlangoni nimeyasugua hadi mikono ikachubuka!" alilalama Tokie.

"Mawe hayana kosa, shemeji," akajibu Shigeo, mdogo wa marehemu mumewe na mkuu wa sherehe. Alikiinamisha kipimo chini ya bomba la maji ya mvua, ambapo kuvumwani, ule mmea laini wa penye unyevu, ilitanda kama zulia la kijani. Kipimo kikapiga yowe. "Mshitakiwa ndiye huyu. Vumbi la paa zima limeteremka na mvua, naye amelimeza."

"Huyo nimemlea tangu nilipoolewa! Wapita njia walikuwa wakisimama kumpiga picha."

"Basi mungu atapita uchochoroni, nawe ubaki na mpenzi wako."

"Nyamaza! Wewe hata mche wa nyanya ulikushinda, utajua nini habari ya kulea?"

Hata hivyo, Tokie aliitazama tena kuvumwani yake. Miaka yote ya ukimbizi, katika kile chumba chembamba cha msaada, hakuiota kuvumwani hata mara moja. Alichoota ni kelele za wabebaji zikiukaribia mlango wake. Akavaa glavu na barakoa, akatwaa sepetu.

"Nipe nikusaidie, shemeji."

"Kaa kando! Aliyemlea ndiye atakayemzika."

Akaikwangua yote pamoja na udongo wake, akaitia katika mfuko na kuufunga. Shigeo akarudisha kipimo palepale. Kikanyamaza.

Siku ya sherehe, mwito wa wabebaji, "Wasshoi! Wasshoi!", ulitikisa madirisha. Wabebaji walisimama mlangoni pa Tokie, wakalirusharusha hekalu juu hadi kengele zake zikalia, naye akawamwagia maji kama ilivyo desturi. Ndoo ya kwanza kabisa ilimlowesha Shigeo, aliyekuwa ametangulia mbele katika joho lake la heshima.

"Shemeji! Mimi si mbebaji!"

"Najua," alisema Tokie, akicheka hadi machozi, na akaijaza ndoo tena.