Mahameli ya Mimbari

Mkono wangu uligundua kabla ya macho. Niliushusha juu ya kipande cha kulia, ukateleza kama juu ya mgongo wa paka aliyeshiba. Niliushusha juu ya kipande cha kushoto, manyoya yakasimama, yakanikataa. Vipande viwili vya mahameli nyekundu vilishaunganishwa kwa bandi, ule mshono wa muda wa mkono, na kimoja kilikuwa kimekaa kichwa chini, miguu juu.

Mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa meza, pini mdomoni, ananisubiri kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari. Alizitoa pini moja moja.

"Kaka, niambie ukweli. Iko sawa?"

Meza ile ilikuwa ya mama. Juu yake ndiko nilikosomea. Shule yenyewe niliisoma vipande vipande, darasa hapa, darasa kule, lakini kitambaa nilikisoma chote. Mama alinifundisha kwamba mahameli ina upande wake wa kulala. Vipande vyote vielekee upande mmoja, la sivyo mwanga ukiipiga kimoja kitapauka na kingine kitakuwa cheusi, hata kama vimetoka jora moja. Kabla ya kugusa mkasi, unachora mshale kwa chaki nyuma ya kila kipande. Alinifundisha mimi peke yangu. Mdogo wangu alikuwa bado anatambaa chini ya meza, anaokota vifungo. Alipofika umri wa kushika sindano mimi nilishaondoka, macho ya mama yalishaanza kufifia, na kazi iliyoingia nyumbani ilikuwa sare za shule. Sare hazina mshale. Unageuza kipande juu chini ili usipoteze kitambaa, na mtoto anavaa, anaenda zake.

Nilikaa huko nje miaka kumi na tisa. Nimeshona maturubai ya malori, viti vya mabasi, mapazia ya hoteli ambamo sikuwahi kulala. Niliporudi, kitambaa alichokishona mama kwa ajili ya mimbari, kabla sijaota ndevu, kilikuwa kimechakaa hadi uzi unahesabika, na kanisa lilikuwa limeamua kutundika kipya. Nikasema moyoni, basi nimerudi kwa wakati wake. Nilijifanya sijui lolote. Nikanyoa ndevu.

Mwenyekiti wa akina mama alikuja na jora amelikumbatia kama mtoto mchanga. Nilisimama kumpokea. Akanipita, akalilaza mapajani kwa mdogo wangu. Ndipo akanigeukia, akaniuliza kama hiyo miguu yangu bado mizima au nimeiacha njiani, maana fundi angehitaji mtu wa kumpandia ngazi. Wote walicheka. Mama pia, kwenye kiti chake pale dirishani. Na mimi nikacheka, kicheko cha meno tu.

Kuanzia siku ile nilikaa barazani nikijifanya napumzika, kumbe nahesabu kila mkato wa mkasi. Wateja walipiga hodi wakimuulizia fundi. Nikiinua kichwa, wanasema hapana, si wewe, yule dada. Katika miji ambayo hata idadi yake siikumbuki nimeitwa fundi. Nyumbani kwetu nikawa kaka yake fundi.

Kilichoniuma zaidi ni mchoro wake. Aliuchora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji: taa ndogo ya mafuta, ya kukatwa kwa satini ya njano, na ulimi wa moto ulioinama kidogo, kana kwamba kuna mtu amepita karibu nao sasa hivi. Mimi ningeuchora umesimama wima, kama wanavyouchora wote. Niliutazama ule moto nikatafuta kosa, sikuliona. Usiku nililala nao.

Kwa hiyo kosa lilipojileta lenyewe chini ya kiganja changu, sikushtuka. Nilikaribia kulishukuru. Bandi ingefumuliwa kwa robo saa, na kitambaa cha kubadilisha kilikuwepo, kimekunjwa pale pale kwenye kona ya meza. Mdogo wangu alikuwa bado ananiangalia usoni.

"Iko sawa," nilisema. "Piga cherehani."

Jumamosi tulitundika. Mimi nilipanda ngazi, nikapitisha fito kwenye vitanzi. Yeye alisimama chini, mara nyanyua kulia, mara shusha kidogo. Mawingu yalikuwa mazito na kanisani mlikuwa na giza, kwa hiyo mahameli ilionekana rangi moja. Mchungaji alipita akamwambia mikono yake imebarikiwa. Mimi nilishuka ngazi taratibu, mtu asije akaniona ninavyosubiri.

Jumapili jua lilitoka. Katikati ya wimbo wa pili liliingia kwa madirisha ya pembeni, likapiga mimbari. Upande wa kulia ukapauka kama nguo iliyofuliwa mara mia, wa kushoto ukawa mweusi kama ini, na taa ikasimama katikati imepasuliwa vipande viwili. Minong'ono ikapita benchi kwa benchi. Nyuma yangu mwenyekiti aliuliza, si kwa sauti ya chini sana, kama jora liliisha. Kwaya iliendelea kuimba. Mdogo wangu, safu ya mbele ya kwaya, alinyamaza, akaitazama mikono yake, akaigeuza.

Nilidhani nitafurahi. Nilingoja furaha ije hadi ibada ikaisha.

Watu walipotoka, mama aliomba apelekwe mbele. Aliweka kiganja juu ya mahameli, akakishusha upande wa kulia. Akakishusha wa kushoto, kikakwama. Akarudia.

"Mama, hata sijui nimekosea wapi," mdogo wangu alisema.

Mama aligeuza uso kuelekea nilikosimama. Nilikuwa nimekohoa, naye alikuwa ananijua kwa kikohozi.

"Huyu sikumfundisha," alisema. "Wewe nilikufundisha."

Ni hayo tu. Mdogo wangu alimtazama mama, kisha akanitazama mimi, akanitazama muda mrefu. Nilisubiri anitukane. Ningelipa chochote anitukane.

"Shika ngazi, kaka," alisema. "Naishusha."

Akapanda mwenyewe.

Mchana ule walikaa mezani wawili, mkono wa mama juu ya mkono wake, unapanda na kushuka juu ya mahameli iliyobaki. Mimi nikiwa barazani nilisikia chaki ikikwaruza. Niliingia nikasema naweza kufumua mimi. Aliniambia nipumzike, kwa adabu kabisa, kama anavyoambiwa mgeni.

Jumatatu niliondoka. Nilipofungua begi mji wa tatu, nilikuta kati ya mashati yangu kipande cha mahameli nyekundu, ukubwa wa kiganja. Nyuma yake kulikuwa na mshale wa chaki, umenyooka.

Nasikia kitambaa kile bado kiko pale, rangi moja toka juu hadi chini, na moto wake umeinama vile vile. Mpaka leo nikiingia kanisa lolote, kwanza natazama mimbari, nakagua, natafuta kosa. Chaki ilishafutika zamani. Lakini kile kipande ninacho mfukoni, na kidole gumba kinajua upande.