Sufu Chini ya Gari

Mwaka jana jiwe lilipasua giaboksi, na Tsermaa akaikosa sherehe ya mjukuu wake wa kwanza kunyolewa. Leo ilikuwa zamu ya mjukuu wa pili. Mumewe, Sodnom, alikuwa amekata bamba la chuma kutoka tangi bovu na kulifunga chini ya gari lao ili likinge giaboksi.

Jiwe la kwanza liligonga ngwa! Giaboksi ikasalimika. Lakini huko mbele nyikani, gari likajaa harufu ya kondoo anayeungua.

“Mzee, umebeba nyama choma?”

Sodnom akaingia uvunguni, akatoka na kipande cha sufu kinachofuka moshi. Alikuwa amekipachika juu ya bamba, kikagusa ekzosi.

“Makubwa! Hema letu limevaa sufu, sasa na gari nalo umelivika?”

“Cheka tu, bibie. Bamba tupu lina kelele, nawe safarini hupenda kusinzia.”

Tsermaa akaizima ile sufu kwa chai ya maziwa, iliyobaki akammiminia mumewe.

Wakaondoka, bamba likilia kama masufuria. Tsermaa akafumba macho, akajifanya amelala mpaka walipofika, mkasi wa kumnyolea mjukuu ukiwa bado haujatolewa.