Ovakado Kwenye Kavera

Mimi si mtu wa kutulia, na mvua za kwanza zikinukia tu upande wa Ludara, ndiyo kabisa. Mikono inaniwasha. Nafagia palipokwisha fagiliwa, nafukuza kuku waliojilalia zao, nagombana na sufuria. Majirani hapa Lobule wanasema ni kwa sababu nilikulia kambini, baba yangu akiwa askari, leo tuko huku, kesho tumepakiwa kwenye lori. Wacha waseme. Mwaka huu nilikuwa na sababu yangu, nayo ilikuwa imesimama nyuma ya jiko ndani ya mfuko mweusi wa nailoni, ule tunaouita kavera. Ulikuwa mche wa parachichi, au ovakado kama tunavyosema sisi, niliouunganisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Marehemu mume wangu, Nasur, aliniacha bila mtoto. Hiyo ndiyo kesi yote. Shamba ni la ukoo, na mdogo wake, Shafik, ndiye anayelisemea sasa. Siku ya arobaini aliniambia mbele ya watu, kwa adabu, hata sauti hakupandisha: "Shemeji, lima. Maharage, karanga, mihogo, lima tu. Lakini usipande mti."

Kila mtu pale alielewa. Maharage unayavuna, unayatia kwenye gunia na kuondoka nayo. Mti ni neno lingine. Kwetu anayepanda mti wa matunda amesema hapa ni kwake, na aliyeona akanyamaza amekubali. Sheikh alishasema nina fungu langu la urithi, lakini hilo fungu hakuna aliyewahi kulipima kwa kamba. Na mwaka huu Shafik alimleta mtu anayetafuta kiwanja cha mashine ya kusaga. Wakatembea kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu, wakionyeshana kwa vidole, mimi nimesimama pale pale na ufagio. Maharage yakitoka shambani, akasema Shafik, tutaongea. Nilijua tutaongea nini. Ningerudishwa kwa kaka zangu na kifurushi changu, kaburi la Nasur libaki linasikiliza mashine.

Basi kwa nini nilienda kujifunza miti? Kwa hasira, kama mnataka ukweli. Redio ilitangaza kwamba kitalu kimoja cha Arua, kwenye barabara ya kwenda Kuluva, kinafundisha watu kila mwaka kabla ya mvua kuanza, na yeyote anaweza kuja. Niliacha chai yangu mezani nikaenda kutafuta gari.

Mwenye kitalu ni madam Eyotaru, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuita watoto kutoka uwanja wa pili. Alituweka chini ya kivuli cha wavu, kila mtu na kisu chake. Alitufundisha kukata kichwa cha mche wa kienyeji, kuupasua, kuingiza kijiti cha mti bora, kisha kufunga kwa utepe mpaka viwili hivyo vishikane. Mimi nilifunga haraka, nikafungua, nikafunga tena.

"Mariam Poni, kwani umekalia siafu?" akaniuliza. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao.

Tulirudi kwake kila juma mpaka vijiti vikachipua. Mambo mawili aliyarudia hadi tukachoka. La kwanza, mche ulio kwenye kavera uhamishehamishe, maana ukiuacha mahali pamoja mizizi inatoboa na kuingia ardhini. La pili, siku ya kupanda, pasua kavera uitupe. "Nimeona watu wazima wanaweka mti shimoni na kavera yake," alisema. "Mizizi inazunguka humo ndani mpaka inajinyonga. Mti unabaki kijani kidogo, unakudanganya, halafu unakufa."

Siku ya mwisho kila mmoja alipewa mti wake, na madam akatuuliza tutaupanda wapi. Huyu akasema nyuma ya nyumba, yule kando ya kisima. Zamu yangu ikafika, nikasema, "Nyumbani," na macho yakanijaa machozi kwa neno dogo kama hilo.

Nikauleta Lobule nimeupakata kama mtoto. Nikauficha nyuma ya jiko, na kila asubuhi nikauhamisha: leo karibu na kinu, kesho chini ya ukingo wa bati. Mama mkwe wangu, Fatumah, alikuwa akinitazama kutoka mlangoni kwake. Huyu mama hajawahi kunisifia hata mboga.

"Hiyo inaenda wapi kila siku?" akauliza.

"Haiendi popote, Mama. Iko tu."

Akaguna. Nikajua habari itafika kwa Shafik, na kweli jioni Shafik akaja, akasimama juu ya mche wangu, mikono mfukoni.

"Shemeji, hii iko ya kupanda wapi?"

"Iko kwa kavera, shemeji. Kitu iko kwa kavera haijapandwa."

Akacheka, maana jibu lilimfurahisha. "Sawa. Ikae hapo hapo kwa kavera."

Mvua zikaja kwelikweli. Kila mtu alikuwa anapanda kitu, na mche wangu ukaanza kuwa wa manjano majanini. Nilipouinua niliona mizizi imetokeza kwenye matundu ya chini, myeupe, inatafuta pa kwenda. Nilikuwa nikikaa nasimama, nikisimama sijui nimesimamia nini. Nilimchukia Shafik, nikamlaumu na Nasur kwa kufa. Maharage yalikuwa yanatoa maua, na mimi nilikuwa nayaombea yachelewe, mkulima mzima.

Siku ya soko nilikwenda Ludara, angalau miguu ipate kazi. Niliporudi nyuma ya jiko palikuwa patupu. Nikasema ni Shafik tu. Nilimtukana moyoni, na kidogo kwa mdomo, nikazunguka nyumba nikimtafuta.

Nikaukuta mche wangu mbele ya nyumba. Ulikuwa umesimama ardhini, katikati ya mlango wangu na barabara, pale pale mtu wa mashine alipokuwa anaonyesha kwa kidole. Udongo ulikuwa mbichi. Mama Fatumah alikuwa amekaa kando yake juu ya kinu kilichopinduliwa, matope mpaka kwenye viwiko.

"Mimi nimepanda," akasema. "Shafik iko mtoto yangu. Atang'oa mti ya mama yake, watu wakiangalia?"

Nilipiga magoti.

"Nilikuja hapa msichana," akaendelea, bila kunitazama. "Nimezika mzee yangu, nimezika Nasur. Hata mpapai sijapanda. Nilikuwa naogopa maneno ya watu. Sasa nimechoka kuogopa."

Nilikuwa nalia na kucheka pamoja. Kisha nikaona shina limekaa wima mno, na udongo umelizunguka kama pete.

"Mama, kavera umeweka wapi?"

"Kavera gani?"

Alikuwa ameupanda na kavera yake. Nikiuacha, ni mti wa Mama, hakuna wa kuugusa, na kiangazi kikija utakuwa kijiti kikavu, na neno lake limekauka nao. Nikiutoa nikauweka upya, basi aliyepanda ni mimi. Na watu walikuwa wanarudi kutoka sokoni, baiskeli zikipunguza mwendo wakituona wajane wawili matopeni. Shafik naye alikuwa anakuja nyuma yao.

Nikachukua jembe.

Shafik alifika nikiwa nimeshautoa. "Afadhali," akasema taratibu. "Ng'oa tu, shemeji. Mama amezeeka, hajui anafanya nini."

Nilipasua kavera kwa kisu toka juu mpaka chini, nikaitupa miguuni pake. Mizizi ilikuwa imeanza kujizungusha, nikainyoosha kwa vidole. Nikarudisha mti shimoni, nikafukia, nikashindilia kwa nyayo.

"Wewe nafanya nini?"

"Napanda mti."

"Mama ndiye alipanda."

"Mama aliuzika, shemeji. Mimi ndiye napanda."

Barabarani hakuna aliyeondoka. Shafik alifungua mdomo, na Mama Fatumah akageuka juu ya kinu chake.

"Sema, Shafik. Watu wanasikia. Sema mbele yangu kwamba bibi ya Nasur hana nyumba hapa."

Alitazama watu, akatazama upande wa kaburi la kaka yake. Alikaa kimya hadi nikasikia baiskeli moja ikianza kusonga tena. Kisha akainama, akaokota kavera iliyopasuka, akaikunja.

"Iko karibu na barabara sana," akasema. "Mbuzi watakula. Weka miiba." Akaondoka na kavera mkononi.

Mama Fatumah alijifuta matope kwenye kanga. "Hii inazaa lini?"

"Miaka mitatu, minne, Mama."

"Mimi sitakuwepo," akasema. "Wewe utakuwepo."

Nikakaa chini pale pale kwenye matope, na sikuinuka mpaka mvua ilipoanza tena.