Vali Yenye Matundu Sita

Kaka yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Daktari, alinifundisha mambo mawili kabla hajaniruhusu kushika spana. La kwanza: kipuri kibovu hurudishwa kwa mwenyewe, akione kwa macho yake. La pili: kipuri kipya kitie alama, maana mafundi si malaika.

Kwa hiyo Jumatatu nilipompelekea kompresa yangu, ile ndogo ya magurudumu ninayopulizia rangi, nilikuwa nimeshakwaruza vistari vitatu kwenye ukingo wa vali mpya niliyoinunua ili anifungie. Si kwamba nilimshuku. Mazoea tu, kama kupiga mswaki.

"Haipandi," nilimwambia. "Upepo unarudi pale unapoingilia."

"Ulimi wa vali umechoka." Aliipokea ile vali mpya, kisahani cha chuma, akaigeuza kwenye mwanga. "Milango ya hosteli ni mingapi?"

"Arobaini. Ijumaa iwe imekauka."

"Mdogo wangu umekua. Juzi tu ulikuwa unawapaka rangi kuku wa mama."

"Na wewe ndiye uliyenishikia kuku."

Tukacheka. Jioni alinirudishia mashine pamoja na kifurushi cha gazeti. "Ugonjwa wako umo humo," akasema. Sikukifungua. Nani humkagua kaka yake wa tumbo moja? Nikakiweka dirishani.

Jumanne geji ilipanda hadi nane kabla sijamaliza kufunga kitambaa puani. Jumatano, katikati ya mlango wa kumi na nane, bunduki ya rangi ikaanza kutema mate kama mtoto anayeota meno. Geji imekwama kwenye tatu. Niliweka kiganja penye chujio la hewa. Upepo ukanipumulia, vilevile kama zamani.

Msimamizi wa hosteli akapita. Hakushangaa hata kidogo.

"Usijali, Daktari atamalizia. Aliniambia tangu Jumatatu kwamba mashine yako haitavuka Jumatano."

Nikaisukuma mashine mpaka nyumbani, nikafungua kifurushi. Vali iliyokuwamo ilikuwa na matundu manne ya bolti. Ya kwangu ina sita. Nikafungua kichwa cha silinda: vali yangu ileile ya zamani, ulimi umenyooshwa kwa koleo, na tayari umeanza kujikunja tena. Kipya kilikuwa gasketi peke yake. Ile methali ya kikulacho na nguo nilikuwa naiona ya kizee. Siku ile iliniwasha mwili mzima.

Nilichukua spana, nikavuka barabara. Kaka alikuwa anaijaribu kompresa yake, pacha wa yangu, wateja wawili wakimtazama kutoka kwenye benchi.

"Inasumbua tena, mdogo wangu?"

"Zima, Daktari."

Sijawahi kumwita hivyo. Akazima. Nikafungua koki ya tangi, na upepo ukatoka kwa mluzi mrefu. Nikalegeza bolti sita za kichwa cha silinda kwa kukingamisha, moja huku, nyingine upande wa pili, kama alivyonifundisha. Kichwa kilikuwa cha moto, nikakishika kwa ncha ya kanga. Vali iling'aa. Ukingoni, vistari vitatu.

"Ningekurudishia," akasema kwa sauti ndogo. "Uliondoka karakanani kwangu kama unayekimbia moto. Nilitaka urudi tu."

"Ulitaka nirudi mimi, au milango arobaini?"

Akaziangalia bolti. Mteja mmoja akakohoa, mwingine akakumbuka ana safari.

Nikamwekea mkononi kile kifurushi cha gazeti. "Chako hiki, kina matundu manne. Kipuri kibovu hurudishwa kwa mwenyewe."

Vali yangu niliifunga mwenyewe, kwa mara ya kwanza bila yeye kunisimamia. Alhamisi asubuhi, kabla msimamizi hajafika, nilikuwa nimeupiga msasa mlango wa kumi na nane na kuuanza upya. Nilipofika wa ishirini na tano, kaka alikuja akasimama kizingitini, mikono mitupu. Midomo yake ilicheza. Alikuwa anasema kitu.

Geji ilikuwa nane. Sikuzima mashine.