Jibu la Sekunde ya Saba

Simu kutoka wodi ya watoto ilipolia katika ofisi ya kompyuta, Mama Pacha, fundi wa mfumo, alidhani Sista wa zamu anataka kumshukuru tena kwa kuiharakisha mashine.

"Mashine yenu leo imekunywa nini?" Sista alikuwa anacheka. "Kichanga cha miezi mitatu, inaniambia kilo kumi na tisa! Si ningevunjika kiuno kumbeba huyu?"

Mama Pacha naye akacheka, kisha akaacha ghafla. "Sista, dozi mnapima kwa uzito huohuo?"

"Sasa tupime kwa nini? Huyu nimemshtukia kwa macho tu."

"Ngoja. Usikate."

Zile kilo alijua zimetoka wapi. Kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayoiamuru mashine nzima, kikitaka taarifa huipelekea diski ombi, na kulitengea jibu nafasi yake kwenye kumbukumbu ya mashine. Diski ya hospitali ilikuwa imezeeka. Siku nyingine ilichukua sekunde ishirini kujibu, wauguzi wakabaki wanaitumbulia macho skrini iliyoganda. Wiki mbili nyuma Mama Pacha aliupunguza muda wa kusubiri, kutoka sekunde thelathini hadi tano. Zikiisha, kiini kinaachana na ombi, kinaigawa nafasi ile kwa shughuli nyingine, kinauliza upya. Mashine ikawa nyepesi ajabu. Ofisi nzima ilimpigia makofi, yeye aliyesomea kazi hii jioni jioni, watoto wake pacha wakilala kwa bibi yao.

Ila diski yenyewe hakuiambia kwamba ombi limefutwa. Nayo haikuwa imekufa, ilichelewa tu. Sekunde ya saba inaleta jibu lake na kulimwaga palepale ilipoelekezwa, haijui pana mwenyewe mwingine. Ndivyo uzito wa mtoto wa shule ulivyoangukia kwenye faili la kichanga.

Mkuu wa ofisi, waliyemwita Profesa kwa miwani yake, alikuwa mlangoni anajifunga tai.

"Profesa, naomba tuizime mashine ya hospitali. Sasa hivi."

"Uizime? Mwanangu, wageni wetu wako kwenye ngazi, wamesikia ilivyo nyepesi, wanakuja kuiona hiyohiyo! Rekebisha kimyakimya, saa nane nitakuwa nimeshawasindikiza."

"Dawa za mchana zinatolewa saa sita."

Profesa akateremsha sauti. "Na una hakika kosa ni lako? Diski ile ni kongwe, kila mtu anajua."

Hapo Mama Pacha alikuwa amepewa pa kutokea. Angeitaja diski, na hakuna ambaye angembishia.

"Diski imefanya ilivyoambiwa," alisema. "Mimi ndiye niliyechoka kuisubiri."

Akaizima. Kisha akarudi kwenye simu. "Sista, namba yoyote ya kwenye skrini tangu wiki mbili hizi msiiamini. Rudini kwenye mzani na karatasi. Kosa ni langu."

Sista akaacha kucheka. "Asubuhi nimeshawapa dawa watoto kumi na mmoja, Mama Pacha."

"Wapime upya. Niko hapahapa."

Profesa alishuka kuwapokea wageni bila kumtazama. Sauti ya Sista ilikuja kwa mbali, kitanda hadi kitanda: huyu sawa, huyu sawa, na huyu. Kwa mtoto wa tisa ikakatika.

"Huyu nimempa mara mbili ya dozi yake. Analala mno... Daktari! Daktari, njoo!"

Simu ikabwagwa mezani. Mama Pacha akasikia viatu vikikimbia. Kwa mkono mmoja akaanza kuandika kwenye kompyuta yake agizo alilotakiwa kukipa kiini tangu mwanzo: iamuru diski ifute ombi; isubiri ikiri kwamba imelifuta; ikinyamaza, iwashe upya; ndipo uiachie nafasi. Akakosea, akafuta, akaandika tena.

Muda ukapita, kisha Sista akashika simu, anahema.

"Daktari anasema tumemuwahi. Hawatabandua macho kwake mpaka jioni. Lakini mama yake yuko hapa, anauliza imekuwaje. Nimwambie nini?"

"Mwambie nakuja mwenyewe," alisema Mama Pacha, akatafuta viatu vyake chini ya meza.