Tandiko Lisilohitajika

Barua ya tatu ya ofisi ya madai ilipofika, Lorna Tveit aliisoma amesimama mlangoni mwa zizi, akaikunja, akaikunjua, kisha akatoa tusi ambalo sitalirudia hapa. Maneno yalikuwa yale yale: tandiko lake la farasi halikuhitajika kazini.

Halikuhitajika! Mwanamke ana miaka ishirini na sita anaitumikia serikali milimani Montana, yuko juu ya farasi, nyuma yake nyumbu tisa wa mizigo, akiwapelekea wazima moto chakula na misumeno. Agosti, kambini, mti ulioungua ulianguka juu ya tandiko lake wakati yeye yuko kijitoni ananywesha wanyama. Likavunjika kiunzi, likawa si kitu. Sheria inasema mfanyakazi akiharibikiwa na mali yake kazini atalipwa, mradi iwe ya lazima. Na tandiko la kushonwa kwa mkono halinunuliki kwa mshahara wake. Bila hilo, Juni msimu ukianza atabaki kufagia zizi, na nyumbu wake watapewa mtu mwingine.

Mchawi alikuwa daftari la stoo. Humo imeandikwa tangu enzi za mababu: tandiko la serikali, moja, hali nzuri. Wachukuzi wote wa milima ile hupanda matandiko yao wenyewe. Mgeni huambiwa siku ya kwanza aje na lake. Lakini lile la daftarini hakuna aliyelifuta. Kila mwaka mkuu wa kituo, Royce Haugen, alitia sahihi bila hata kuinua macho kutazama boriti linakoning'inia.

Lorna akaandika rufaa ya maneno mawili tu: njooni mlipande.

Akaja Dwight Pruitt, mwamuzi wa madai, mtu wa tai, miwani na viatu vinavyong'aa. Kwa upole alieleza kwamba hana ubaya na mtu, ila serikali ikikupa kifaa nawe ukapenda chako, hasara ni yako. Lorna alimsikiliza mikono kiunoni.

"Umewahi kupanda farasi, Bwana Pruitt?"

"Nimekulia shambani, mama. Usinitishe."

"Basi panda lile tandiko la serikali mpaka kijito kile, urudi. Ukirudi umelikalia, nachana madai yangu mbele yako."

Royce alimvuta Lorna pembeni, akamnong'oneza kwamba kesi kaiua kwa mdomo wake. Lorna akamwambia alete farasi. Wakaliteremsha tandiko, vumbi likawajaa puani. Lilitengenezwa kwa ajili ya farasi wembamba wa zamani, na juu ya mgongo mpana wa huyu lilikaa kama kofia ya mtoto kichwani mwa baba. Lorna alikaza mkanda kwa haki, tena mara mbili, asije mtu akasema kafanya hila.

Pruitt alikwenda vizuri mpaka mteremkoni. Hapo tandiko likaanza kuzunguka taratibu, naye akazunguka nalo, akaingia kijitoni kwa makalio.

Hakuna aliyecheka. Lorna alijua amemwaibisha mtu aliyeshika mpini. Pruitt alitoka akichuruzika maji, akajipapasa usoni, miwani haipo. Akamgeukia Royce.

"Hii ndiyo hali nzuri?"

Royce alikiri kwamba ndiyo iliyoandikwa.

"Ungempandisha mtu tandiko hili siku nzima kwenye majabali?"

"Hapana, bwana. Hata adui yangu."

"Basi serikali haikuwa na tandiko. Mama, niandikie uamuzi, mimi sioni. Nionyeshe tu pa kusaini."

Lorna aliandika kwa herufi kubwa kwamba tandiko lake lilihitajika, na machozi ya furaha yakamtoka mbele ya wanaume wawili bila haya. Pruitt akasaini. Kisha Lorna akaingia ofisini, akarudi na fomu nyingine.

"Sasa tujaze ya miwani yako," akasema. "Fomu hizi nimezizoea."

Juni ilipofika, alipita mbele ya ofisi juu ya tandiko jipya, nyumbu wote tisa nyuma yake, akiimba kwa sauti yake mbaya.