Zamu za Usiku wa Ijumaa

Jumatatu alasiri, nilipomaliza kulisoma daftari la marehemu Feruzi mbele ya mwanawe, nililifunga kwa uzi uleule niliolikuta nao, nikatamka neno ambalo laiti ningalilimeza. Nilisema, "Mzee Majaliwa, daftari na barua ya watahini havina tofauti."

Mzee Majaliwa hakuinua uso. Alikuwa ameketi karibu na dirisha la nyumba yao ya Sydenham, hapa Durban, blanketi magotini, na mjukuu wake mchanga akilala kapuni pembeni. "Nilijua," akasema. "Nimejua tangu nina miaka kumi na mitano. Basi jina hilo lisitajwe tena."

Saumu, mama wa mtoto, alinitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa mchanga. Yeye ndiye aliyenisihi nije. Mumewe, mwana wa Mzee na dereva wa malori ya Clairwood, yuko safarini na mizigo, lakini alikwisha kuagiza kwa simu: mtoto aitwe Feruzi, jina la baba wa babu. Mzee alikataa. Kwetu sisi mtoto hupewa jina siku ya saba, na mkubwa wa nyumba asiporidhia, nani atathubutu kulisoma sikioni mwa mtoto? Saumu aliliokota daftari katika sanduku la bati, akasema, "Maalim, andiko hili ni la herufi za Kiarabu, na hapa hakuna alisomaye ila wewe. Likisema babu alikuwa mwongo, nitanyamaza." Nami nikaja, nikasoma, nikamnyamazisha.

Kisa chenyewe ni hiki. Feruzi alikuwa mpaka mafuta, mtu wa kuvilainisha vyuma vya mtambo, katika meli ya mvuke ya Ziwa Tanganyika, zama za Mwingereza. Mwaka wa 1938 watahini walifika Kigoma kuwapima waliotaka cheti cha fundi wa mtambo. Mtihani ulikuwa na milango miwili. Mlango wa kwanza ni maswali ya mdomo: kipimo cha maji kikiziba utafanyaje, bomba la kulisha boila likikataa utaanzia wapi. Mlango wa pili ni hesabu ya zamu, kwani mtahiniwa alitakiwa aonyeshe kwa maandishi siku alizousimamia mtambo, zikalinganishwe na kitabu cha meli. Feruzi hakujua kuandika Kizungu. Aliandika kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa katika chuo cha Kurani cha Ujiji, na karani mmoja, mgeni wa nchi na wa dini, akasomewa maneno yake kwa mdomo na kuyanakili kwa Kiingereza.

Barua ya watahini, iliyokuwa sandukuni pamoja na daftari, ningali naikumbuka neno kwa neno. Ilisema kwamba mtahiniwa amejibu vizuri maswali yote ya mtambo. Kisha ikasema kwamba meli huondoka Kigoma kila Jumatatu jioni na kurejea Ijumaa alfajiri. Kwamba mtahiniwa amejiandikia zamu ishirini na sita za usiku wa Ijumaa, wakati ambao meli imefungwa gatini, moto umezimwa na boila limemwagwa maji. Kwamba kwa hiyo ni mtu asiye mkweli, na mtu asiye mkweli hawezi kukabidhiwa roho za abiria. Cheti kikakataliwa. Feruzi akabaki mpaka mafuta hata akafa, na mwanawe alipoiona barua hiyo, akiwa kijana wa shule, aliiamini. Alipomwuliza babake, jibu lilikuwa moja tu: "Nimeandika nilichokitenda." Majaliwa akaliona jibu hilo kuwa ukaidi. Alipopata nauli aliliacha ziwa, na tangu hapo hakumtaja babake ila kwa sauti ya chini.

Nami Jumatatu ile nilisoma nini? Nilisoma kilichoandikwa: usiku wa Jumanne, usiku wa Jumatano, usiku wa Alhamisi, usiku wa Ijumaa. Safari baada ya safari, mara ishirini na sita. Sikuona penye kosa la karani. Nikasema havina tofauti.

Usiku ule sikupata usingizi mwema. Nilihisi nimemzika mtu mara ya pili.

Jumanne baada ya adhuhuri nilirudi kupanga mambo ya kisomo. Mzee alikwisha kuamua: hati ya hospitali inasema mtoto kazaliwa Alhamisi, basi siku ya saba ni Jumatano, kesho yake, na jina litakuwa jingine, lolote, ataliteua yeye. Nilimkuta Urbain sebuleni, Mkongo wa Kalemie, fundi wa injini za malori, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa amekuja kuuliza habari ya mbuzi, kwa sababu gari lake ndilo litakalomleta. Mbele yake palikuwa na sahani ya amagwinya, ambayo Mzee huyaita maandazi ili ayale kwa moyo mmoja.

"Papa Maalim," Urbain akasema, "mimi si wa dini yenu, unisamehe. Lakini Maman Saumu amenisimulia ile mambo ya daftari. Mimi nilizaliwa kando ya ile ziwa, baba yangu alikuwa chauffeur wa boila, mtu wa kuchochea moto, upande wetu. Kuna kitu iko inanisumbua."

"Sema, ndugu yangu."

"Meli inatoka Jumatatu jioni. Sasa ile usiku ya kwanza, kwa daftari, Papa Feruzi aliandika nini?"

Nikafikiri. "Hakuandika kitu. Zamu zake zaanza usiku wa Jumanne."

"Safari zote?"

"Zote."

Urbain akapiga makofi, akacheka. "Eish! Huyu ni mwizi gani? Anaacha kuhesabu usiku ambayo machine inatembea, anaenda kuhesabu usiku ambayo machine imekufa! Mwizi wa hivyo hata mimi namhurumia. Angeuliza mtoto wa Kalemie, tungemfundisha kuiba vizuri."

"Urbain," Mzee akasema kutoka dirishani, "baba yangu si wa kuchezewa katika nyumba hii."

"Pardon, Papa. Si mchezo. Ni hesabu."

Saumu alimwinua mtoto, akamweka begani. Urbain, ili kuliondoa lile wingu, akageuza maneno: "Haya, mbuzi nimlete kesho saa ngapi? Maana kesho ni mapema, mimi nilidhani tuna siku ingine. Mtoto amezaliwa juzijuzi tu! Mimi mwenyewe ndiye nilimpeleka Maman. Robot zote za Berea, zile taa za barabarani, zilikuwa nyekundu, na giza imeshika kabisa."

Nikageuka. "Giza? Alizaliwa usiku?"

"Saa moja na nusu," akasema Saumu. "Maghribi ilikwisha kuadhiniwa. Nilikuwa naisikia katika simu ya muuguzi mmoja."

"Lo! Basi siku ya saba si kesho," nikasema. "Ni Alhamisi. Mzee, hospitali huhesabu siku kuanzia usiku wa manane. Sisi twahesabu kuanzia kuzama kwa jua. Jua lilikwisha kuzama, Alhamisi ilikwisha kuondoka. Huyu ni mtoto wa Ijumaa. Si ndivyo tunavyowaimbisha watoto chuoni kila Ramadhani inapoandama, wajue kwa nini tarawehe husaliwa kabla ya funga ya kwanza?" Na kwa mazoea ya ualimu nikaimba:

*Usiku hutangulia,*
*kucha kukafuatia,*
*siku ikatimilia,*
*kwa amri ya Manani.*

"Mtoto huyu," nikamalizia, "amezaliwa usiku wa Ijumaa."

Sikuyasikia maneno yangu mpaka yalipokwisha kutoka.

Saumu ndiye aliyeyasikia kwanza. Mkono wake ulisimama mgongoni mwa mtoto. "Maalim," akasema polepole, "umesema usiku wa nini?"

Nikaketi. Miaka thelathini na minne nimeishi Durban. Kila siku nasema na wenye maduka na madaktari kwa hesabu yao, hata ulimi wangu umesahau adabu ya saa zetu. Niliyasoma maandishi ya mtoto wa chuo kwa jicho la karani. Niliomba daftari. Saumu alinipa mtoto badala yake, kwa kuchanganyikiwa, kisha akacheka, akamchukua, akanipa daftari.

Nikafungua safari ya kwanza, nikaweka kidole. "Mzee Majaliwa, njoo karibu, nakuomba. Usiku wa Jumanne, alioandika babako, ni ule unaoingia jua la Jumatatu likizama. Ndio usiku meli ilipoondoka. Usiku wa Jumatano ni wa Jumanne yao. Usiku wa Alhamisi ni wa Jumatano yao. Na huu, usiku wa Ijumaa..."

"Ni Alhamisi jioni," Mzee akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Ni Alhamisi jioni. Meli iko majini, moto unawaka, na kesho yake alfajiri inafunga gati. Zamu nne zote hizi, tazama. Hakuna usiku hata mmoja uliopungua, wala uliozidi."

Urbain alihesabu kwa vidole, kwanza kwa sauti, kisha kimyakimya. Halafu akasimama wima kama askari. "Usiku ine, zamu ine. Papa Majaliwa, huyu mzee alishika machine kila usiku. Hakuiba hata dakika."

Mzee Majaliwa alilichukua daftari kwa mikono miwili. Nilimwona akitafuta, kwa macho mabovu na herufi alizoziacha utotoni, mpaka akalipata neno Ijumaa. Akaliweka kidole, akabaki hapo. "Nimeandika nilichokitenda," akasema. "Aliniambia. Nami nikamwona mkaidi." Alilia bila kujificha, na sisi hatukumzuia, kwani kilio kile kilikuwa kama cha mtu aliyeutua mzigo akauona mkono wake umekufa ganzi.

Nikamwomba radhi. Nikasema kwamba jana nimemshuhudia babake kwa uongo.

"Umenidanganya siku moja, Maalim," akajibu, akijifuta kwa ncha ya blanketi. "Mimi nimejidanganya miaka sitini na saba. Nani amwombe nani radhi?" Kisha akamgeukia Urbain. "Na wewe, mbuzi mlete Alhamisi. Tena awe mnene. Baba yangu alipenda nyama, na hakupata kuila ile ya kusherehekea cheti."

"Sharp, Papa! Mnene kabisa!"

Alhamisi asubuhi nyumba ilijaa. Mzee hakukubali mimi nisome jina. Aliketi kitako, akapakata mtoto, akakaribisha mdomo sikioni mwake, na watu wote wakasikia, kwani hakunong'ona: "Feruzi." Mtoto akapiga chafya. Wanawake wakapiga vigelegele, na Urbain, asiyejua kaida yetu, akapiga makofi, nasi tukamwacha.

Walipokwisha kula, Mzee alinivuta kando na daftari. Baada ya zamu ya mwisho ya babake palikuwa na nafasi tupu ya ukurasa. Aliomba kalamu. Herufi zilipanda na kushuka kama za mtoto wa juzuu ya kwanza, lakini hakutaka msaada. Aliandika mstari mmoja, chini ya mwandiko wa babake, kwa wino mpya: *Feruzi amezaliwa usiku wa Ijumaa.*

Alinionyesha. "Nimeandika sawa?"

Nikausoma mara mbili, kwa jicho langu la chuoni safari hii.

"Sawa kabisa," nikamwambia.